Luku inakula umeme? Ipime na birika

Kabla hujalalamika luku inakula yuniti, zima kila kitu, chomoa hadi friji na chaja, halafu kaangalie ile taa nyekundu kwenye mita, ikiendelea kublinki ujue kuna kitu bado kinavuta, au kuna mtu kajiunga kwako (hutokea bana). Sasa washa birika la umeme peke yake. Langu ni wati 2000 na mita imeandikwa 1000 imp/kWh, yani ikiblinki mara 1000 ni yuniti moja, na wati 2000 ni yuniti mbili kwa saa, kwa hiyo dakika moja itoe kama 33. Ukihesabu 45 hapo kuna shida, waite Tanesco waje waipime. Pasi usitumie, ikipata moto inajikata yenyewe. Jioni umeme ukiwa mdogo hesabu inashuka, rudia asubuhi.