Somo: Kuchora mipaka ya visiwa vya Pasifiki kwa penseli na rula

Kwanza ikague ramani. Nyingi za shuleni huikata Pasifiki katikati, nusu kushoto na nusu kulia, ndiyo maana wanafunzi hudhani huko ni maji tu. Tafuta yenye Pasifiki katikati, au tumia tufe.

Hatua ya 1. Weka alama tatu: Hawaii juu, Rapa Nui (Kisiwa cha Pasaka) upande wa Chile, Nyuzilandi chini kushoto. Ziunganishe. Hiyo ndiyo pembetatu ya Polinesia. Samoa, Tonga na Tahiti zimo ndani.

Hatua ya 2. Ijaribu pembetatu kwa lugha, wala usiwe na haraka hapa. Hesabu mbili, tatu, tano. Kisamoa: lua, tolu, lima. Kihawaii: lua, kolu, lima. Kimaori: rua, toru, rima. Kirapanui vilevile: rua, toru, rima. Hawaii na Nyuzilandi zimetenganishwa na takriban kilomita 7,000 za bahari, na bado tano ni karibu ileile! Waliozisambaza hesabu hizo hawakuwa na dira. Walisoma nyota, mawimbi na ndege.

Hatua ya 3. Magharibi ya pembetatu kuna Mikronesia, karibu na ikweta na kaskazini yake, na Melanesia, kuanzia Guinea Mpya hadi Fiji. Mgawanyo huu aliutoa baharia Mfaransa Dumont d'Urville mwaka 1831. Melanesia maana yake ni visiwa vya weusi: aliwapanga watu kwa rangi ya ngozi. Kwa hiyo uchore kwa nukta nukta tu. Mstari mzito mpe mwanaakiolojia Roger Green, aliyetetea mwaka 1991 kuigawa Oseania (visiwa vya Pasifiki) mara mbili: Oseania ya Karibu, inayoishia kwenye visiwa vikuu vya Solomon, ambako watu wameishi makumi ya maelfu ya miaka, na Oseania ya Mbali, iliyoanza kufikiwa kama miaka 3,000 iliyopita.

Hatua ya 4. Kisiwa cha Guinea Mpya kimekatwa karibu na longitudo 141 mashariki: huku Indonesia, kule Papua Guinea Mpya. Huo ni mpaka wa wakoloni.

MASWALI

– Mwalimu, Hawaii si Marekani?
Kiserikali ndiyo, ni jimbo tangu 1959. Kwa lugha na asili ya wenyeji ni Polinesia.

– Kisiwa cha Tikopia kiko Solomon, mbona wanasema ni Wapolinesia?
Ni kweli. Tikopia na Rennell ziko nje ya pembetatu, ila wenyeji huzungumza lugha za Kipolinesia. Zizungushie duara.

– Mstari wa Tarehe, ule wa Pasifiki unaotenganisha siku moja na nyingine, hautoshi kuwa mpaka?
Hapana, unahamishwa. Kiribati iliusogeza mwaka 1995, na Samoa mwaka 2011 ikairuka siku nzima ya Desemba 30.

– Nina shemeji Bukini (Madagaska), kwao tano ni "dimy". Nao wamo?
Swali zuri sana. Kimalagasi ni ndugu wa lugha hizo: roa, telo, dimy. Ila Bukini iko Bahari ya Hindi, Oseania haifiki huko. Ukitaka ramani ya ukoo mzima wa lugha hizo, chukua karatasi nyingine. Hiyo itaanzia Bukini na kuishia Rapa Nui.