Kabla ya Kuruka Bawa kwa Bawa: Mambo ya Kuzingatia kwa Marubani wa Ndege za Zamani

Kujua kurusha T-6, ndege ya zamani ya mafunzo ya kijeshi, peke yako si kujua kuirusha ubavuni mwa T-6 nyingine. Hizo ni kazi mbili, na ya pili ina mwalimu wake. Marekani, vyama vya wamiliki wa ndege za kijeshi za zamani vina mfumo wa mafunzo uitwao FAST: unasoma kitabu, unaruka na mwalimu, kisha mkaguzi anakupima, kwanza kama mfuasi na baadaye sana kama kiongozi. Bila kadi yao, au nyingine inayotambuliwa, huwezi kuruka fomesheni, yaani ndege kadhaa zikiruka karibu karibu kwa mpangilio, kwenye anga iliyotengwa kwa maonyesho makubwa kama ya Oshkosh, Wisconsin. Usitafute njia ya mkato. Rafiki yako mwenye maelfu ya saa angani si mwalimu wa fomesheni, hata kama ni mkarimu kiasi gani.

Sheria ya usafiri wa anga ya huko, kifungu 91.111, inakataza fomesheni yoyote ambayo rubani wa kila ndege hakuikubali kabla, na inaikataza kabisa ukibeba abiria wa kulipa. Kwa hiyo mtu asiyekupa taarifa akija kujibandika ubavuni mwako, ondoka taratibu. Mkishatua, mwambie usoni.

Yale ya kawaida unayajua: lala vizuri, kunywa maji, usiruke na mafua. Funga kila kitu kinachoweza kudondoka. Futa kioo mpaka king'ae, maana doa la mdudu linafanana sana na ndege iliyo mbali. Parashuti iwe imefunguliwa na kupangwa upya na fundi ndani ya siku 180, nawe uwe umefanya mazoezi ya kutoka kwenye kiti chako ukiwa umeivaa. Wanaoiona kuwa mto wa kukalia wakumbuke Duxford, Uingereza, Julai 10, 2011: Mustang na Skyraider, ndege mbili za kivita za zamani, ziligongana mbele ya watazamaji. Skyraider ilitua na bawa lililokatika ncha. Rubani wa Mustang yuko hai kwa sababu ya parashuti.

Mafuta yahesabiwe kwa ndege ya mfuasi, si ya kiongozi. Mfuasi anaongeza na kupunguza nguvu muda wote, kama gari la mwisho kwenye msafara, naye ndiye atakayeishiwa kwanza. Kiongozi asitumie nguvu yote ya injini. Akibana hadi mwisho, wa nyuma watapata wapi ziada ya kumfikia? Na asichezee nguvu ghafla. Injini ya T-6, R-1340 ya nguvu-farasi 600, haipendi kunyang'anywa nguvu kwa mkupuo, na wafuasi hawapendi zaidi.

Mkichanganya aina za ndege, kubalianeni vipimo. Saa ya mwendo ya Yak-52, ndege ya mafunzo ya Kisovieti, huwa inasoma kilomita kwa saa, ya Mmarekani inasoma maili au noti (maili za baharini kwa saa). Kiongozi akitaja "mia na ishirini" bila kusema mia na ishirini za nini, kuna mtu atakaribia kudondoka kwa kukosa mwendo. Chini nako kuna hatari: T-6 ikiwa ardhini pua iko juu na rubani haoni mbele, hivyo hutembea akipinda kushoto na kulia. Acheni nafasi. Propela haina breki.

Sasa kikao cha kabla ya kuruka, na hapa sitakuwa na haraka.

Nilikuwa kando ya njia ya kurukia na redio ya mkononi, nikiwatazama wanne wakifanya mazoezi ya kujiunga. Hali ya hewa safi, kiongozi mzoefu, ndege za aina moja. Kikao chao kilikuwa kifupi kwa kuwa walijuana miaka mingi: mpangilio, masafa ya redio, namna ya kutua, twende. Angani kiongozi alipinda kushoto ili wenzake wakate kona wamfikie. Wa pili alijiunga vizuri. Wa tatu alikuja na mwendo mkubwa mno, jua likiwa usoni.

Anayekuja na mwendo mkubwa ana njia moja iliyo salama. Anapunguza nguvu, anasawazisha mabawa, anapita chini na nyuma ya kiongozi hadi upande wa nje wa kona, na macho hayambanduki kiongozi hata sekunde. Huyu alifanya kile ambacho mwili unataka: aliinamisha ndege upande wa pili kumkwepa, tumbo la ndege likawaelekea wenziwe. Tangu hapo hakumwona yeyote, wala hakusema. Wa nne, aliyekuwa akimfuata, alikuta nafasi tupu pale alipotegemea kumwona. Naye hakusema. Redio mkononi mwangu ilikuwa kimya, kila mmoja akitafuta kwa macho. Kisha wote wawili wakashuka, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameambiwa nani apande na nani ashuke. Ncha ya bawa la mmoja iligusa mkia wa mwingine.

Walitua wote, namshukuru Mungu. Wa nne alitua na usukani wa mkia umekunjamana, akazima injini, akabaki kitini muda mrefu, nasi tukasimama bila kumsemesha. Hakurudi tena kwenye fomesheni. Ndege yake ilikaa hangani ikisubiri vipuri, na vipuri vya ndege ya miaka ya 1940 havinunuliwi dukani.

Kwa hiyo kabla injini haijawashwa, kila mmoja aseme kwa mdomo wake: nikimpoteza wa mbele yangu, natamka mara moja namba yangu na kwamba simwoni, najitenga na mahali nilipomwona mara ya mwisho, naenda kwenye kimo changu. Kila namba iwe na kimo chake. Kiongozi anajibu kwa kutaja alipo na anakoelekea. Neno la kusitisha zoezi liwe moja, na yeyote alitamke, hata aliyeanza wiki iliyopita. Likitamkwa hakuna mjadala hadi mtue.

Msidhani ni shida ya wanafunzi. Novemba 12, 2022, kwenye maonyesho ya Dallas, Marekani, ndege ya kivita P-63 iliigonga ndege ya mabomu B-17 na watu sita wakafa. Waliokuwa angani walikuwa watu wa kazi hiyo. Bodi ya Marekani ya uchunguzi wa ajali, NTSB, ilisema chanzo ni kukosekana kwa mpango wa kutosha wa kutenganisha ndege uliokubaliwa kabla. Walitegemea maelekezo ya papo hapo redioni na kila mtu kumwona mwenzake. Kundi la ndege za kivita na kundi la ndege za mabomu hayakupewa vimo tofauti. Mkiambiwa "tutaonana huko juu", ulizeni: na tusipoonana? Wasipokujibu, vua parashuti urudi nyumbani.

Mengine ni tahadhari tu. Mpiga picha asibadilishe mpango mkiwa hewani. Juni 8, 1966, XB-70, ndege ya majaribio ya mabomu, na F-104, ndege ya kivita, ziligongana California kwenye fomesheni ya kupigwa picha, wakafa wawili. Mgeni akichelewa kikao, aruke peke yake siku hiyo. Mkishatua kaeni tena, mzungumze kila kosa kwa jina la namba, si kwa jina la mtu. Ruka ya tatu kwenye joto la mchana huwa mbaya kuliko inavyoonekana. Angalieni upepo wa pembeni, ndege wa angani, betri ya redio, mkanda uliolegea, simu inayotetema mfukoni, na yule anayesema hana haja ya kikao leo.