Somo: Hesabu pumzi kabla ya kusema ni malaria

Huku Kisumu mtoto akichemka mwili, neno la kwanza ni malaria. Sawa, ipo, tena nyingi. Lakini kipimo kikionyesha malaria hakijaondoa nimonia kifuani. Mtoto anaweza kuwa nazo zote mbili.

Pumzi za haraka ni dalili ya nimonia, ndiyo maana tunazihesabu. Mtulize kwanza. Anayelia au anayenyonya usimhesabu, utapata namba ya uongo. Mpakate, pandisha fulana, weka simu ihesabu sekunde 60. Kila tumbo linapopanda ni pumzi moja. Usihesabu nusu dakika ukazidisha kwa mbili: wadogo huvuta mbiombio, wakatua, wakaanza tena.

Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari: hospitali. Miezi 2 hadi 11, pumzi za haraka ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi.

Fulana ikiwa bado juu, tazama chini ya mbavu. Akivuta hewa, pale panabonyea ndani? Hilo, au pumzi za haraka, ni kituo cha afya leo, si kesho. Mara nyingi atapewa amoksilini ya tembe za kuyeyusha kwa maji, asubuhi na jioni, siku 5, kwa kipimo cha uzito wake.

Akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea haamki vizuri, midomo ikigeuka buluu, usipitie duka la dawa. Huyo anahitaji oksijeni na sindano, kwa kawaida ampisilini au penisilini pamoja na jentamaisini. Hata kama ni usiku wa manane, tafuta boda.

Maswali

Nina amoksilini ya maji ya dadake iliyobaki mwezi jana. Nimpe?
Hapana mama. Ikishachanganywa haikai mwezi, na kipimo kile kilikuwa cha uzito wa dadake.

Siku ya pili homa imeshuka, niache dawa?
Maliza siku 5. Ila kama siku ya pili bado anahema vilevile, mrudishe, usingoje ziishe.

Alichanjwa wiki ya 6, 10 na 14. Mbona ameugua?
Chanjo ya nimokoka, bakteria anayeleta nimonia, tunayo Kenya tangu 2011, huzuia aina kadhaa za bakteria huyo, si zote. Virusi navyo huleta nimonia. Bila chanjo ingekuwa rahisi zaidi kuzidiwa.

Mama mkwe anataka kumsugua kifua na mafuta ya taa.
Mkatalie kwa heshima, mvuke wake huwasha mapafu. Mpe kazi ya kumpakata mtoto wewe ukihesabu.