Kurekodi albamu ya jazi ya papo kwa papo mkiwa watano

Jazi ya kubuni papo hapo hairekodiwi kwa viraka. Saksafoni ikikosea huwezi kuirudia peke yake, maana wenzake walishaijibu. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika chumbani, kabla ya kurekodi.

Tuchukue kundi la saksafoni, tarumbeta, piano, besi ya kusimama na dramu. Kaeni nusu duara, kila mtu aone mikono ya mwenzake, na hedifoni ziacheni. Besi isiposikika, mpiga dramu apunguze nguvu au besi isogezwe. “Tutarekebisha kwenye miksi”, yaani wakati wa kuchanganya sauti baadaye, ni kujidanganya: matoazi yameshavuja kwenye maiki ya besi, ukiipandisha yanapanda nayo.

Maiki nane zinatosha: mbili juu ya dramu, moja kwenye ngoma kubwa ya mguu, mbili za piano, na moja moja kwa waliobaki. Ya saksafoni iwe kama sentimita 40, ielekee katikati ya mwili wa ala na si kwenye mdomo wake mpana tu, kwa sababu sauti hutoka pia kwenye matundu ya vitufe. Umbali kati ya maiki mbili za ala tofauti uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na ala yake. Zile mbili za juu ya dramu zipimeni kwa kamba kutoka katikati ya snea (ngoma ndogo yenye sauti kali), ziwe umbali sawa. Umbali ukitofautiana, mawimbi yanafutana na snea inasikika nyembamba kama kopo.

Rekodini kwa biti 24, kilohezi 48. Kila mmoja apige kwa nguvu zake zote, kisha kilele cha sauti kwenye kipimo cha kinasa kiwekwe kwenye -12 dB. Muziki huu hutoka mnong’ono hadi ukelele bila taarifa, na sauti iliyopasuka haitengenezeki vizuri. Traki nane hula takriban GB 4.1 kwa saa. Nakili kwenye diski ya pili kabla hamjafungua nyaya.

Msianze wote watano. Katika watu watano mna jozi 10 na makundi 10 ya watu watatu, na mara nyingi humo ndimo zinamopatikana traki nzuri. Kila pigo, yaani kila kipande mnachorekodi, lipewe sharti moja tu, mfano: tarumbeta inyamaze hadi besi iweke upinde chini. Masharti matatu yanawafanya watu wahesabu badala ya kusikiliza.

Panapoharibika zaidi ni mwisho. Muziki umeisha dakika ya sita, mmoja anauogopa ukimya, anaurudisha, nao unajikokota dakika nne nyingine. Kubalianeni: ukimya ukidumu sekunde tano, pigo limekwisha. Baada ya hapo msiguse kitu kwa sekunde 10, mwangwi wa piano na matoazi umalizike.

Kwenye miksi, fuateni viti vyenu: kila ala isikike upande ilikokuwa chumbani. Mwaka 1960, New York, mpiga saksafoni Ornette Coleman alirekodi na kwateti mbili (makundi ya watu wanne) kwa pamoja, moja kulia na moja kushoto, na msikilizaji anaweza kufuatilia kila upande. Kateni vichwa na mikia ya traki tu. Mkato wa katikati huumbuliwa na toazi lililokatwa likiwa bado linavuma. Mkitaka santuri, pangeni takriban dakika 20 kwa upande.

Mgao wa utunzi uandikwe na kusainiwa kabla ya siku ya kurekodi, traki kwa traki: waliopiga wanagawana sawa, asiyekuwemo hana fungu.