Kupanga malengo ya boti za abiria Lamu, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa kamati ya usafiri, chama cha manahodha au afisa wa kaunti aliyetakiwa kuandika malengo ya usafiri wa umma. Kwetu gari huishia Mokowe, gati ya bara. Kuanzia hapo basi letu ni boti. Ndiyo maana lengo kama "kuongeza boti 10" halifai kitu. Boti zote kumi zaweza kuwa zimefungwa gatini, na mgonjwa wa Siyu, kisiwani Pate, asifike Lamu mjini.

1. Chagueni safari. Tatu zatosha: Mokowe–Lamu, Lamu–Shela na Mtangawanda (gati ya kisiwa cha Pate)–Lamu. Uwanja wa ndege wa Manda usubiri.

2. Hesabuni watu gatini. Daftari na kalamu ya risasi. Kioo cha simu hakisomeki juani. Andikeni saa abiria wa kwanza alipokaa, saa kamba ilipofunguliwa, idadi ya abiria na idadi ya jaketi okozi. Boti huondoka ikijaa, kwa hiyo anayeumia ni yule wa kwanza kukaa. Msitumie wastani. Wanne wakingoja dakika 5 na mmoja dakika 60, wastani ni 16, na yule wa saa nzima amepotea katika hesabu. Pimeni hivi: abiria tisa kati ya kumi walingoja dakika ngapi?

3. Pangeni kwa maji, si kwa saa. Hapa ndipo mipango mingi huharibika.

Toka maji kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo kila siku maji kujaa huchelewa kwa karibu dakika 50. Ukihesabu siku nne au tano utapata bamvua (maji yanapojaa na kutoka sana) peke yake au maji mafu (yanapojaa na kutoka kidogo) peke yake. Hesabuni siku 15 mfululizo, zisipungue.

Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Yanakuwa makavu mnamo saa nne asubuhi, wakati kliniki na ofisi zimeshafunguliwa. Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, huwa haupitiki, na boti ya Pate hungoja au huzunguka nje bahari kuu. Kwa hiyo lengo la "boti kila siku saa nne" limeshindwa kabla ya kuanza. Andikeni hivi: "Kila maji yanapojaa kati ya saa kumi alfajiri na saa kumi na mbili jioni, boti isiyopungua moja ya abiria ipite Mkanda."

Siku za maji mafu hujaa karibu saa nne asubuhi, na mara ya pili ni usiku. Maji hayapandi sana, lakini pia hayatoki sana, kwa hiyo msikisie. Simikeni mti wenye alama kila sentimita 10 mahali penye kina kidogo kabisa. Kina kinachohitajika kipimwe boti ikiwa na abiria na mizigo, maana boti tupu huelea juu zaidi. Siku ambazo kurudi kabla ya usiku hakuwezekani, lengo liseme wazi kwamba msafiri atalala mjini, na hospitali ipewe tarehe hizo mapema ipange miadi.

Angalieni jedwali la maji pia. La Kilindini ni la Mombasa. Lilinganisheni na mti wenu. Mengine hutumia saa za Greenwich: ongezeni saa 3. Na 04:00 ni saa kumi alfajiri.

4. Andikeni lengo. Liwe na abiria, gati, kiasi na tarehe ya mwisho. Mfano: "Kufikia Desemba, abiria tisa kati ya kumi Mokowe wasingoje zaidi ya dakika 20."

5. Usalama hauna asilimia. Kila abiria na jaketi lake, na za watoto ziwe za watoto. Maji yakitoka, ngazi za chini za gati hubaki na mwani unaoteleza. Mama aliyebeba mtoto hukanyaga hapo hapo. Wekeni lengo la kuzisugua kila bamvua, na anayesugua atajwe kwa cheo.

6. Rudieni wakati wa kusi, upepo wa kusini. Hesabu za kaskazi, upepo wa kaskazini, hazitoshi. Kusi likishika, kuanzia Aprili, njia ya nje, ile ya bahari kuu, hubadilika kabisa, kwa hiyo siku 15 nyingine zihesabiwe kabla lengo halijapelekwa kwenye bajeti.