Kuku umeivisha vizuri, kachumbari je?

Jamani tukiumwa tumbo baada ya kula kuku tunasingizia mafuta au pilipili, ila mara nyingi wenye shida ni bakteria, salmonela na kampilobakta, wanakaa kwenye utumbo wa kuku na kuku mwenyewe wala haonekani mgonjwa. Hata wa kienyeji aliyetoka Singida anaweza kuwa nao, msidanganyike.

Ukichinjiwa pale soko la Majengo, Dodoma, angalia kwanza yale maji ya kunyonyolea, kama kuku kibao wameshapita humo na yamekuwa tope mwombe kijana abadilishe, bora usubiri. Nyama ifungwe mfuko wake peke yake mbali na nyanya, afu uwahi nyumbani, maana joto la Dodoma mwezi wa kumi na moja mnalijua, likivuka nyuzi 32 nyama isikae nje zaidi ya lisaa limoja. Kwenye friji weka chini kabisa ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee mboga, na upike ndani ya siku mbili, la sivyo gandisha.

Sasa kuosha. Najua mtanibishia, ila ukifungulia bomba juu ya kuku yale maji yanaruka mpaka kwenye vyombo ulivyoanika pembeni. Kama ana damu au manyoya muoshe taratibu ndani ya beseni, afu beseni na sinki visuguliwe kwa sabuni. Ndimu na siki haviwamalizi hao bakteria, moto ndo unaua.

Na hapa ndo tunaumia wengi: kuku kaiva vizuri kabisa ila kibao na kisu kilekile kimekatia kachumbari, na kachumbari haipiti motoni. Katia kachumbari kwanza, ufunike, ndo uguse kuku, ukimaliza nawa mikono na sabuni sekunde 20.

Kuiva ni nyuzi 74 ndani kabisa. Huna kipimajoto? Chomeka ncha ya kisu kwenye paja karibu na mfupa, yakitoka maji ya pinki rudisha jikoni. Wa kuchoma ndo wa kuangalia sana, nje anaungua ndani bado mbichi, na yale maji ya viungo uliyomlowekea usimpake tena akishaiva.

Tumbo linaweza kuanza baada ya masaa sita au hata siku kadhaa. Mtoto akiharisha mpe maji ya ORS (yale ya chumvi na sukari ya pakiti), ukiona damu kwenye choo au homa kali mpeleke hospitali hapohapo, usingoje asubuhi.