Kupima penseli za rangi ya maji zisizo na mti

Penseli kama Cretacolor Aqua Monolith ya Austria ni rangi tupu iliyopakwa vanishi. Mimi huanza na buluu iliyokoza: naipaka kwa ubavu wa ncha kwenye karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kisha napitisha brashi yenye maji mara moja tu. Michirizi ikibaki, penseli hiyo hainifai kuchorea anga. Usiihukumu kabla haijakauka, maana rangi hubadilika.

Zambarau na waridi nazipima kwa ukali zaidi, kwa mwanga wa jua. Funika nusu ya mchoro, uubandike dirishani penye jua kwa miezi kadhaa. Uone kama nusu iliyo wazi imepauka.

Vipande vinavyodondoka ukichonga usitupe, viloweke upate rangi. Penseli ikianguka sakafuni huvunjika, kwa hiyo izungushie kitambaa.